Kizibo cha Tatu

Chumba cha nyuma ya duka la madaftari, Mwanjelwa.
Mvua ya Machi imekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga.
Loleza hauonekani, nasi hatuuhitaji:
tuna mlima mwingine, nimeuchora kwa wino
nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.

Dadu ya pande ishirini Gwamaka kaichonga kwa mkaratusi.
Inapenda kumi na nne. Tumeizoea
kama unavyomzoea shemeji mwenye maneno yake.

Kazi ya leo: nani, katika mchezo huu,
aruhusiwe kutenda yasiyotendeka,
na alipe nini.

Neno la kwanza tu lilitushinda.
Gwamaka aliandika *mchawi*. Nikalifuta,
nikalifuta tena kwa mate, hadi karatasi ikatoboka.
Kule Mwakaleli bibi yangu alikuwa na macho mekundu,
moshi wa kuni, miaka arobaini ya kupikia watu,
na neno hilo walimtupia yeye, mchana kweupe, kisimani.
Kwangu halichezewi.
Mganga, je? "Ana bango pale stendi," akasema Tusekile,
"na namba ya simu."
Tukacheka. Nafasi ya jina tukaiacha wazi,
tukaanza na bei.

Kuna mwenye kukariri.
Kila alfajiri afungue daftari, achague maneno matatu,
ayabebe kichwani kama mayai.
Akitamka moja, limekwenda.
Tukampa vizibo vitatu vya soda, avirudishe sandukuni
kimoja kimoja. Tulimjua huyu:
sote tumefanya mtihani wa kidato cha nne.

Kuna aliyezaliwa nayo.
Hasomi. Moto unamtoka kama kikohozi,
wala hajui utamtokea vitani au msibani.
Nilimpenda, nikamjaza nguvu.
Gwamaka akazipunguza: "Mtoto wa tajiri tena? Hapana."

Na aliyekopa.
Hapa Tusekile, muuza viazi, akavuta kiti.
"Kakopa kwa nani?"
Kwa kitu kilicholala chini ya ziwa Ngozi.
"Riba?"
Sikuwa nimeandika riba.
Akanitazama kama mtu aliyelala mlango wazi.
"Basi hiyo zawadi. Kausha damu haiko hivyo.
Weka kila Ijumaa. Weka na anayekuja kubeba godoro
watoto wakiwa wamelikalia."
Tukaandika: kila Ijumaa. Godoro nalo tukaliandika.

Subilaga alikuwa kimya. Ametoka zamu Rufaa,
viatu vyeupe vina tope.
"Vizibo vinarudije?"
Akilala masaa manane, nikasema.
"Manane ninayoyajua mimi
ni ya usiku, nikiwa macho."
Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anamenya karanga.

Nikakata mstari wa usingizi.
Yeye mwenyewe akaamuru kingine:
kizibo hakirudi mpaka mwenzako akuachie zamu yake,
akae, asicheze, akutazame wewe.
Gwamaka akapinga. Hesabu haitakaa, alisema,
watu wanne watapeana mpaka kesho,
hakuna atakayeishiwa.

Tulijaribu usiku uleule, kwa mshumaa.

Kwenye daraja la tatu mkariri wa Subilaga
alikuwa hana neno hata moja kichwani.
Mto umejaa. Adui wawili.
Tusekile alikuwa na Ijumaa yake inakuja.
Gwamaka alitaka kwanza atupe dadu, mara moja tu.
Mimi nilikuwa nimeshika kizibo,
kimelowa jasho, meno yake yameniachia duara kiganjani,
nikawaza: zamu ijayo.

Subilaga akaikunja karatasi ya mtu wake mara mbili,
akaomba maji ya kunywa.

Hesabu, kwa hiyo, imekaa.
Jina bado. Nafasi yake iko palepale,
karibu na lile tundu.