Panya wa Stoo

Mimi ndiye mwenye ufunguo.
Stoo ya hosteli, hapa Chipanga, mlango wa bati,
kufuli la kutu linalotaka kubembelezwa kama mtoto mwenye homa.
Daftari langu lina safu tatu:
kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Januari wazazi walikuja kwa miguu na kwa baiskeli.
Chilongani: uwele, debe mbili.
Mama Lechipya: karanga, nusu debe.
"Nyingine baada ya mavuno," akasema, akitazama juu.
Sote tukatazama. Mbingu nayo ikatutazama,
nyeupe kama sahani iliyokwisha kuoshwa.
Mwingine alileta kuku mwekundu. Nikamwandika,
ingawa daftari halina safu ya kuku.

Sechelela hakuja na debe.
Alikuja na jembe, kwa kuwa barua ya shule ilisema jembe,
na ufagio, kwa kuwa ilisema ufagio.
Mwaka jana alipanga geto kule senta,
chumba kimoja, wasichana wanne,
mafiga nje, na vijana wa bodaboda
wakipita jioni kuuliza nani ana njaa.
Kabla ya geto alitembea: kilomita kumi na nne,
saa kumi alfajiri, kuvuka makorongo,
fisi akimhesabia hatua.
Sasa ana kitanda cha juu, nambari kumi na saba,
na sahani yenye jina lake, alilolichora kwa msumari.

Saa saba nagawa ugali.
Kila mtoto kipimo kimoja, na maharage; Jumatano mlenda.
Nawatazama. Aijuaye njaa hali haraka kama mnavyodhani.
Hula polepole,
kama anayesoma barua asiyotaka iishe.
Sechelela hakuwa akimaliza.
Hilo nililiona kabla sijalielewa.

Ijumaa moja matroni alikwenda Dodoma mjini kufuatilia mshahara,
nikakagua matranka mimi.
Chini ya daftari la Jiografia, ndani ya kipande cha khanga,
ugali, umekauka, umekatwa sawasawa
kama tofali za mtoto anayejenga nyumba.
Vipande kumi.
Siku tano, milo miwili.
Nyumbani kwao wako wadogo watatu, na bibi.

Ukutani, kwa rangi nyekundu:
CHAKULA HAKIRUHUSIWI BWENINI.
Niliandika mimi. Wanasema nina mwandiko mzuri.

Hakulia. Alisema tu,
"Huwa wanavilowesha kwenye mlenda, mama. Vinakuwa kama vipya."

Miaka kumi na moja nimeshika ufunguo huu,
sijapunja kibaba, sijaongeza kibaba.
Usiku ule nilikaa na kalamu, taa ya sola ikififia,
nikaandika kwenye kilichotoka: unga, kilo mbili.
Nikafikiri.
Nikaongeza: panya.

Tangu hapo panya wetu wana adabu sana.
Huja Ijumaa tu, saa nane na nusu,
hufungua kufuli bila kulivunja,
hawatoboi gunia, hawamwagi.
Mwezi wa tatu, mvua ilipokata kabisa,
wakaanza kupenda na maharage.
Nina nusu eka ya uwele kule bondeni.
Ikikubali, debe la kwanza nitalirudisha stoo,
nami sijui bado nitaliandika kwa jina gani.

Bodi ilikutana. Mkuu wa shule akafungua daftari,
akateremsha kidole, Ijumaa hadi Ijumaa,
akanyamaza kuliko hesabu yenyewe ilivyohitaji.
Naye alisoma kwa kutembea, kutoka Ilindi.
"Mama Mnyambwa," akasema, "tununue paka."
Wajumbe wakacheka, wakapitisha.

Paka amefika. Wa kijivu. Wanafunzi wamempa jina, Mkaguzi.
Hulala juu ya magunia mchana kutwa,
na Ijumaa, Sechelela akipita na mfuko wake,
hufungua jicho moja,
halafu hulifumba.