Mizani ya Nane

Tulitoka Coventry gizani,
gauni limelazwa kwenye kiti cha tatu
kama mgeni aliyelipiwa nauli,
wigi ndani ya sanduku la keki.
Hadi Preston sikuruhusiwa kufungua chai.

Glasgow ikatupokea kwa manyunyu,
yale yasiyostahili mwavuli
wala yasiyokuacha mkavu.
Kwenye lifti ya hoteli wasichana sita,
vichwa vimejaa vibanio,
kila mmoja akipiga hatua papo hapo aliposimama.
Bwana mmoja mwenye gazeti alishuka ghorofa ya pili
ingawa alibonyeza ya tano.

Chumba cha kuvalia kilinuka gundi ya soksi.
Akina mama waliwapaka binti zao miguuni
rangi ya kahawia kutoka kwenye chupa.
Mama Sorcha, wa Liverpool, akaninyooshea sponji,
akaitazama miguu ya Salha,
akairudisha sponji yake taratibu.
Tulicheka mpaka akashika ukuta.
Pauni kumi na mbili zimeokoka;
Mungu alishapaka.

Zamani, jikoni, Salha alinieleza:
mguu wa kulia kwanza,
kisha hatua zilezile, mguu wa kushoto.
Nikamwambia, basi hiyo ni ukwapi na utao.
Baba yangu, karani wa forodha Tanga,
alihesabu mizani kwa kidole juu ya meza,
nane huku, nane kule,
supu inapoa.
"Babu angekuwa jaji mkali," Salha alisema,
akaendelea kupasua vigae vyangu.

Namba mia mbili na kumi na nne.
Kodiani ikavuta pumzi.

Mikono haikutoka, imebana ubavuni,
Kisigino kikaruka, kikatua ubaoni,
Kulia akatamka, neno lake hadharani,
Kushoto akaliweka, vilevile mizanini.

Halafu hatua ya mwisho kabisa,
mguu wa kushoto: saba.
Nilihesabu kwa kidole juu ya mkoba.
Saba.
Majaji watatu waliinama, wakaandika kitu.
Kengele.

Jioni orodha ya walioitwa tena ikabandikwa.
Mia mbili na tisa. Mia mbili na kumi na moja.
Mia mbili na ishirini.
Salha alisoma mara mbili, kama mtu anayekagua chenji,
kisha akasema, twende tukamwone yule wa koni.

Yupo kweli: jemadari juu ya farasi,
uso wa mtu aliyeshinda vita,
na utosini koni ya barabarani, rangi ya chungwa,
kama kwamba yeye mwenyewe ni shimo
tusije tukatumbukia.
Salha alilitoa wigi kwenye sanduku la keki,
akaliinua juu, jicho moja limefumbwa, akampimia kwa mbali.
"Lingemkaa."
Ndipo akalia kidogo, dakika mbili hivi.
Nikamnunulia chipsi za siki.

Asubuhi tukapanda treni ndogo ya chini ya ardhi
isiyo na mwisho wa safari; inazunguka tu.
Tukazunguka nayo mara mbili kwa tiketi moja.
Kisha kile kilima cha makaburi nyuma ya kanisa kuu,
ambako wafanyabiashara wa kale wamelala
na mandhari ambayo walio hai hulipia kodi.

Pale juu nikashindwa kunyamaza.
Nikamwambia: mwanangu, ilikuwa saba.

Akaweka mkoba chini.
Juu ya jiwe lililolowa, kwa raba zake za shule,
akaipiga tena ile hatua ya mwisho, kushoto.
Kidole changu mfukoni: tano, sita, saba.
"Umeona?" nikasema.

"Ya nane huisikii, Mama.
Hapo niko hewani."

Sikuwa na jibu.
"Waliniacha kwa ajili ya vidole," akasema,
"sikuvigeuza nje vya kutosha,"
akaokota mkoba,
akauliza kama treni yetu ina mahali pa kuchaji simu.