Wanaoulizia Kengele

Wanabonyeza kengele ya mlango,
kisha, hata makoti hawajavua,
wananiuliza: "Kengele iko wapi?"
Mimi Glafira, mwaka wa ishirini na sita huu
nafungua jumba hili la makumbusho,
Kisiwa cha Wauza Dawa, Petersburg,
na kila Jumamosi jibu ni lile lile:
sina ya kuwaonyesha.

Ilikuwepo, sikatai. Siku mojamoja.
Nisije nikawatoa shimo hili nikawatumbukiza lile.
Lakini kilichofanya kazi hasa ni hiki:
kisanduku cha mbao, fimbo yake ikiyumba,
tak, tak.
Na kidude cha umeme kinachovuma kama nyuki chupani,
na taa, na kinanda, na ncha ya kukwaruza ngozi.
Mvulana wa shule ananuna.
Alikuja na kengele kichwani, hataki kurudi nayo haijalia.

Wengine hukagua sakafu, wakitafuta madoa ya mate.
Hayakudondoka, nawaambia.
Shavu lilitobolewa, likapona na tundu lake,
mate yakapita kwenye kijibomba cha kioo,
yakahesabiwa tone kwa tone
kama mjane anavyohesabu kopeki.
Hapo mama mmoja humziba mwanawe masikio.
Ukitaka hadithi tamu, duka la keki lipo ng'ambo ya barabara.

Tena hawakuanza kwa kutafuta akili.
Walichunguza tumbo tu,
jinsi nyama inavyosagika ikawa mbwa.
Mbwa wakaharibu hesabu:
chakula hakijafika, mate yameshafika.
Babu yake bibi yangu, Zakhar Lukich, ndiye aliyebeba ndoo.
Buti lake la kushoto lilikuwa na msumari uliolegea.
Kwetu husimuliwa kwamba mbwa mmoja wa manjano, Pyzhik,
aliusikia ule msumari tangu ngazini,
na mlango ulipofunguka alikuwa ameshakula, moyoni.
Kwa hiyo mkinibana sana, kengele ya kwanza
ilikuwa mtu.

Neno lenyewe lilivunjika mguu njiani.
Wageni wanasema: mwitikio uliofunzwa.
Kwa Kirusi ni mwitikio wenye masharti.
Ikiwa msumari, ikiwa ndoo,
ikiwa leo itafanana na jana.
Mbwa hakuwa mashine, alikuwa anaweka dau.
Mdanganye mara kumi na mbili, mdomo unakauka.
Mwache alale. Mpigie tena kesho:
tone moja linarudi,
halijaambiwa kwamba mambo yamekwisha.

Ziara huishia hapo. Wananunua kadi
zenye picha ya mbwa na kengele.
Ndiyo, sisi ndio tunaoziuza.

Nisichowaambia ni cha bibi Taisiya.
Wakati wa mzingiro, redio ilipokosa la kusema,
ilirusha mdundo wa kisanduku kile jijini kote:
polepole, anga ni tupu;
mbio, shukeni mashimoni.
Alikuwa na miaka tisa, na kipande cha mkate
chepesi kuliko barua.

Alipofika themanini na mmoja,
bomba la jikoni kwetu likaanza kuvuja.
Tone. Tone.
Aliendelea na supu yake.
Usiku likazidi, tone tone tonetonetone,
naye akaweka kijiko, taratibu,
akauchukua mkate wote mezani
akauficha ndani ya sweta.

Sikucheka. Nilimpigia fundi Rinat;
akasema Jumatatu.
Nikatandika kitambaa chini ya bomba,
maji yakaanguka bila sauti.

"Umesikia?" akaniuliza.
Nikasema hakuna kitu, bibi.
Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto,
mkono juu ya sweta,
akaendelea kusikiliza.