Risiti ya Mawingu

Miaka sita niliacha milango wazi.
Programu ilikuwa changa, na mimi pia;
nilikodi chumba Mamboleo, juu ya duka la mabati,
na kila kijana aliyejua kuandika msimbo nilimwambia
ingia, jiko liko kule, sufuria zipo, pika.

Wakaingia.
Wafubwa wa Webuye alitoboa ukuta wa nyuma
akachomeka mrija wake kwenye jedwali la vipimo.
Cheruto akatundika hesabu zake za mikopo
kwenye msumari nilioupigilia kwa muda tu,
msumari wa kushikia taa.
Maziwa yakapimwa, risiti zikatoka,
vyama kumi na vinne, Kaimosi hadi Chwele,
nami nikajiona tajiri wa wageni.

Kisha nikataka kuhamisha kiti kimoja.
Kimoja! Safu iliyoitwa uzito
nikaiita uzani, saa nne usiku, nikalala.
Asubuhi, Kimilili, lita arobaini zilisomeka nne.
Wanawake walisimama na madebe matupu
wakiitazama karatasi, wakimtazama karani,
na karani, maskini, akiitazama simu
aliyonipigia mara ishirini na tatu.

Tangu hapo niliandika kama mtu anayenyata
katika nyumba yenye mtoto mchanga aliyelala.
Hata kosa nililolijua nililiacha,
maana kuna nyongeza huko Luanda
iliyojumlisha vizuri
kwa sababu mimi nilijumlisha vibaya.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nyufa zangu zilikuwa na wapangaji.

Basi mwezi wa tatu nikatangaza: nafunga.
Ndani ni ndani. Nje nitaweka dirisha, na kaunta,
na orodha ya vinavyoweza kuombwa:
uzani, tarehe, nambari ya mkulima, bei.
Ukiomba hapo, hata nikibomoa jiko zima
sahani yako itakuja vilevile, miaka kumi.
Nikatoa mwaka mmoja wa kuhama.

Wafubwa hakupiga simu. Alikuja.
Aliweka kompyuta yake mezani kama anayerudisha mahari.
"Ulitualika jikoni ukiwa na njaa kama sisi.
Umeshiba, sasa unatuonyesha dirisha."
Sikuwa na jibu. Nilimpa chai.
Mvua ya saa tisa ikaangukia mabati, ikatusemea.
Ilipotulia akauliza, kwa sauti nyingine,
mbona orodha haina saa ya kukamua.
Kweli haikuwa nayo.
Niliiongeza kabla hajamaliza kikombe.

Wengi walihama. Cheruto alinuna wiki mbili,
akawa wa kwanza kumaliza.
Ila Asava.

Asava aliandika nyongeza moja tu, mistari tisini,
kwa ajili ya chama cha nyanya yake, Gisambai.
Ilichungulia kupitia tundu ambalo hata mimi nililisahau,
ikachukua jina la ng'ombe, ikaliweka juu ya risiti:
Mawingu, lita tisa. Asante, Mawingu.
Asava alikwenda Doha. Nambari yake haipatikani.
Barua pepe nne nilizomtumia zimekaa kimya.
Usiku wa mwisho niliisoma kazi yake mstari kwa mstari.
Msimbo mchafu, hauna mpangilio,
na majina ya ng'ombe wote wa kijiji, mmoja mmoja,
yameandikwa kwa mkono.
Nikaziba.

Leo ni toleo la nne tangu siku hiyo
na hakuna risiti ya mtu iliyovunjika.
Nahamisha viti usiku, nalala.
Jana karani wa Gisambai alinipigia, si kulalamika.
Kuna bibi mmoja, alisema, huleta maziwa yake,
hupokea karatasi, huigeuza, huigeuza tena,
huuliza leo yamehesabiwa kuwa ya nani.

Hesabu ni sahihi, nikamwambia.
Ni sahihi, akasema. Bado amesimama hapa.