Tiketi ya Jumanne

Wameniambia bei hushuka Jumanne usiku,
saa saba, wenye pesa wakiwa wamelala.
Basi tumekaa, Drateru na mimi, hapa Arua,
simu katikati yetu kama mgonjwa,
chaji imebaki kumi na nne.

Mji wenyewe ni picha ya Agosti
kwenye kalenda ya duka la dawa:
taa za karatasi, mto, mwanamke na kikapu cha ndimu.
Hoi An. Drateru hulitamka
kama anavyoonja uji wa moto.

Entebbe, Adis, Bangkok, Danang.
Milioni tano na laki mbili.
Kupepesa jicho tu: tano na nusu.
"Umeipumulia," anasema. "Imejua tunataka."
Tangu hapo tunatafuta kwa kujifanya hatujali,
kama mtu anayeuliza bei ya mbuzi
huku akitazama kuku.

Ipo ya rahisi, milioni nne,
ila utalala uwanjani saa kumi na tisa,
begi moja, kilo saba, chakula juu yako.
Anahesabu kwa vidole: simsim kilo moja,
magauni mawili, viatu atavivaa.
Sisemi kitu. Nne ndizo tulizo nazo,
nazo ni za mtu mmoja.

Jenereta ya jirani ikazima.
Akaichukua simu, akaandika abiria: wawili.
Tarehe: Agosti, lakini ya mwaka wa pili.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kisha: tiketi hizi bado hazijaanza kuuzwa.

"Bado," akasema, akacheka gizani.
"Umesikia? Haikusema hapana."