Mbuzi Hayumo

Jumamosi, saa nane mchana, mjini Arua,
nilimshika Eyotaru mkono
tukazunguka nyuma ya duka la cherehani la Zamzam.
Miaka tisa. Amevaa viatu vya shule,
maana mahali usipopajua, alisema,
huendi na ndara.

Ndani, milango miwili imelazwa juu ya mapipa,
komeo la mmoja bado linaning'inia,
na juu yake nchi nzima:
vilima vya malapa makuukuu yaliyochongwa kwa wembe,
mto wa kavera la buluu,
daraja la vijiti vya mishikaki,
msitu wa sifongo za kuoshea vyombo.
Na majeshi. Ee, majeshi!
Mazimwi marefu kama kidole gumba,
mifupa mitupu iliyoshika ngao,
na joka ambalo Sakina wa duka la dawa
amelipaka mabawa kwa rangi ya kucha,
kwa kuwa nyekundu ya kawaida ilikwisha tangu Pasaka.

Eyotaru hakusema kitu. Aliweka mikono mgongoni
kama mtu aliyeingia duka la vioo.

"Gusa," akasema mwalimu Obeti,
ambaye siku nyingine zote hufundisha hesabu
na hajawahi kumwambia mtu gusa.
"Ila shika kitako, si shingo.
Hata zimwi huvunjika shingo."

Akampa askari mmoja, wa kijivu, hajapakwa rangi,
mkuki umepinda kidogo.
Akampa futi ya Zamzam, na dadu.
"Huyu analinda daraja. Hutembea inchi tano.
Ukitaka asife, pata nne au zaidi."

Nilikuwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa,
mtu mzima, mkaguzi wa mizani ya tumbaku,
nikajikuta namwomba Mungu
kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Dadu ikabiringika, ikagonga kilima, ikalala.
Moja.

Uso wake ukaanza kufungwa kama duka jioni.
Obeti hakumruhusu kurudia. Nilimchukia kidogo.
Alimlaza yule askari ubavu, kando ya daraja,
hakumrudisha sandukuni.
"Anabaki hapa mpaka mwisho," akasema,
"tujue nani alisimama wapi."
Mtoto akavuta kamasi, akavuta futi,
akauliza kama mifupa huogopa maji.

Nyumbani bibi yake alikuwa akipepeta simsim.
Akasikiliza habari za mazimwi,
akasikiliza habari za joka la rangi ya kucha.
"Na watu wa kijiji hicho chenu,
vita vikifika, hukimbia na nini?"
"Hakuna watu wa kijiji, bibi. Ni majeshi tu."
"Ehee." Ungo ukapanda, ukashuka.
"Na mbuzi?"

Mwaka ule wa kukimbilia Kongo
alirudi usiku, peke yake, njia yote ile,
kumfungua mbuzi aliyesahauliwa kambani.
Mimi nilijua. Eyotaru hajaambiwa.

Wiki nzima alifinyanga udongo wa kichuguu,
maji kidogo, mate mengi,
pembe za njiti za kiberiti:
mbuzi mmoja, mnene, mkubwa kuliko zimwi.

Jumamosi akamsimamisha karibu na daraja.
Matata, fundi simu, akacheka, kisha akaacha.
Obeti akavaa miwani, akafungua daftari la kanuni,
akapekua mbele, akapekua nyuma,
mpaka kurasa za mizinga na za uchawi.
Mbuzi hayumo.

Hakuuliza ametoka wapi.
Naye ni mtu wa hapa hapa.
Akatoa penseli sikioni, akaandika pembeni,
akisoma kwa sauti ile ya darasani:
"Mbuzi. Inchi sita. Hapigani.
Akiachwa nyuma,
lazima mmoja wenu arudi."

Eyotaru akainama na futi.
Kutoka darajani hadi kwa mbuzi,
inchi kumi na moja.