Fuata Mdomo Unaosema

Burbank, mwaka wa themanini na nne, zamu ya usiku.
Chumba hakina dirisha. Mashine inanguruma kama friji la zamani,
na mimi, Otilia Tarango, nimeshika kitufe
kisichozidi kizibo cha soda.

Filamu inakuja pana, mbili nukta tatu tano kwa moja:
bonde zima, mawingu yake, farasi kumi na wawili.
Televisheni za watu ni nne kwa tatu,
kasha la mbao kando ya sofa.
Kipana hakiingii kwenye chembamba bila kisu.
Kisu ni mimi.

Msimamizi, Bwana Haldorsen, alinifundisha kazi kwa sentensi moja:
"Fuata mdomo unaosema."
Akisema wa kushoto, zungusha kushoto.
Akijibu wa kulia, zungusha kulia, taratibu,
mtazamaji asihisi kwamba shingo yake inageuzwa na mtu mwingine.
Wakisema wote, chagua mwenye jina kubwa kwenye bango.
Na asiyesema?
Bwana Haldorsen alikuwa anamenya chungwa. Hakujibu.

Nimekata mikono iliyokuwa ikiaga.
Nimekata mke akisikiliza, nikabakiza mume akidanganya.
Meza ya watu sita nimelisha wawili.
Kuna busu moja ilibidi nichague pua.

Kisha, Jumatano, mkanda wa nne,
likaja zizi la farasi.
Steringi yuko kushoto, anatoa hotuba yake ndefu,
na huko ukingoni kulia, ameshika hatamu,
kofia imefunika nyusi,
baba yangu.

Eusebio Tarango. Dola kumi na chakula cha mchana.
Sekunde kumi na moja.
Nilizijua kabla sijaziona; alitusimulia kila Krismasi
jinsi jua lilivyochoma, jinsi farasi alivyomkanyaga kidole,
jinsi rafiki yake Melitón, aliyesimama kulia kwake zaidi,
alivyovuta sigara aliyokatazwa.

Nikazungusha kulia.
Sauti ya steringi ikabaki, uso wake ukaondoka.
Baba akaja katikati, mzima, akipepesa macho kwa vumbi.
Hakusema lolote, na nilimfuata.

"Otilia, nani anasema hapo?"
Bwana Haldorsen amesimama mlangoni.
"Hakuna, bwana."
"Basi rudia."

Nilirudia. Hilo nalo niliandike. Mkono ni huu.

Kaseti ilipotoka, baba aliita majirani wote wa mtaa wetu, Pacoima.
Mama alipika tamale za watu ishirini.
Steringi akaanza hotuba, watu wakasogea mbele,
na baba akainuka, akaenda hadi kwenye televisheni,
akaweka kidole ukutani,
shubiri moja na nusu kulia kwa kioo,
juu ya kalenda ya duka la matairi.
"Niko hapa," akasema.
Wakaitazama kalenda.
Akakishikilia kidole pale, akihesabu kimoyomoyo,
hadi kumi na moja.
Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wote.
Mimi nilikwenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Siku hizi nina diski. Mjukuu wangu Ximena analalamika:
"Bibi, mbona kuna weusi juu na chini? Wameikata!"
Hapana, mwanangu. Weusi huo ndio kodi ya bonde.
Kaa.

Zizi la farasi. Baba ni mdogo kama njiti ya kiberiti,
lakini yupo, na hatamu ipo,
na ndani ya buti, najua, kidole kilichokanyagwa.
Nasimamisha picha.
Ukingoni kabisa, ambako hata upana umechoka,
moshi unaingia.
Moshi tu, hauna mwenyewe.

"Unatoka wapi?" anauliza Ximena.

Nainuka, magoti yakinung'unika,
naweka kidole ukutani.